Upinde Uliofungwa Kinyume

Subira yangu iliisha siku naibu wa mwalimu mkuu alipotoa gunia la unga chini ya meza yake, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa kiatu changu. "Mama Mumbua," akasema, "tumepata haya tukisafisha stoo. Ukitaka, beba. Na kwa vile mzee mwenyewe ameshapumzika, mimi naona haya mambo tuyafunge." Labda ningevumilia maneno yake, nimevumilia mengi katika ofisi ile, lakini alilisukuma kwa mguu. Niliinama nikalifungua. Ndani mlikuwa na upinde uliovunjika vipande viwili, vile vile vipande ambavyo shule ilituambia mwaka mzima kwamba vilitupwa na watu wa taka. Nikavitoa, nikaviweka juu ya karatasi zake za mtihani. Uzi ulikuwa bado unavishikilia, na kwenye ncha zote mbili mtu alikuwa amezungusha waya, ule wa fundi wa mjengo, ukakazwa kwa koleo. Nikauliza nani alifunga upinde huu. Akasema, "Mama, hiyo si ni kamba tu." Nikamwambia ni waya, na kwamba uzi uko mgongoni mwa upinde badala ya kifuani, na kwamba yeyote aliyefanya hivyo ndiye aliyelitoa jicho la mwanangu. Akaniomba nishushe sauti kwa sababu watoto walikuwa wanafanya mtihani. Nikamwambia wafanye tu, wangu anaona nusu ya ubao.

Nilitoka pale na gunia kifuani, na askari wa geti akaniuliza kama nimebeba mtoto. Msichana wangu Mumbua aliumia jicho la kushoto katika shule hiyo, kwenye mazoezi ya ngoma, upinde ulipovunjika mikononi mwake. Upinde wenyewe ulitengenezwa na Mjomba Kioko, aliyenilea nilipokuwa sina kwa kwenda. Shule ilisema upinde ulikuwa mbovu. Walilisema kwenye paredi, mbele ya watoto wote, kwamba mtoto mwenzao ameumizwa na kitu kibovu kilicholetwa kutoka nyumbani. Mjomba aliliamini neno hilo mpaka tulipomzika. Mimi sikujua niamini nini, kwa sababu sikuwa nimeviona vipande. Sasa nimeviona, na nilijua papo hapo. Mambo ya pinde niliyajulia mtaani Baba Dogo, mwaka nilioishi nyuma ya karakana alimofanyia kazi Mjomba, nikiwa na mtoto tumboni.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Ya nyumbani kwetu siyaweki hapa, wanajua wenyewe walichofanya. Nilifika Baba Dogo na sanduku langu la bati la shule, na Mjomba akaniuliza swali moja tu: "Umekula?" Chumba alichonipa kilitenganishwa na karakana kwa ukuta wa mbao, na mbao hizo zilikuwa na matundu ya misumari ambayo asubuhi yalipitisha jua kama sindano. Kitanda kilinuka mbao mbichi. Hewa ya nje ilinuka kiwanda cha rangi kilichokuwa nyuma yetu, na nilipokuwa natapika Mjomba alidhani ni hiyo rangi, ama alijifanya kudhani. Alipika muthokoi kwenye sufuria iliyokuwa nyeusi mpaka mdomoni, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaongeza parachichi juu na kunipa kijiko cha pekee kilichokuwa mle ndani. Yeye alikula kwa kijiko cha mbao alichochonga akisubiri maji yachemke. Nakumbuka nililia nikila, na yeye akaendelea kuzungumzia bei ya msasa, kama mtu anayezungumza na mvua.

Karakana ilikuwa ya wachongaji wa twiga na vifaru wa kuuzwa mjini, lakini Mjomba alikuwa na kona yake ya pinde. Alizitengenezea vikundi vya ngoma na shule zinazokwenda mashindano. Wengine walitengeneza pinde za mapambo, fimbo iliyopindishwa na kamba ya katani. Yeye alikata mti wa mkole huko kwao Kitui, akaukausha darini, akauchonga kwa tezo, halafu akaupitisha juu ya makaa polepole mpaka ncha zake zijikunje kwenda mbele, kumkimbia mtu anayeushika. Mlangoni alikaa Mama Shiru, mama wa Murang'a aliyeuza chapati na madondo ya maharagwe na ambaye ulimi wake haukujua likizo. Siku yangu ya kwanza kutokea karakanani alinitazama kutoka miguu mpaka tumbo. "Kioko," akasema, "umetuletea mke ama umetuletea mzigo?" Mjomba hakuinua uso. "Nimejiletea macho," akasema. "Yangu yamechoka." Mama Shiru akacheka, akanitupia chapati iliyoungua ukingoni. "Basi macho yapate kula. Na uache kutafuna huo udongo wa odowa, utazaa mtoto wa mawe."

Hayo ya macho hayakuwa mzaha. Mjomba alikuwa ameanza kutoona vizuri vitu vya karibu, na upinde huangaliwa kwa karibu. Kwa hivyo akanipa kazi hiyo. Alinikalisha kwenye kigoda mlangoni, palipo na mwanga, upinde juu ya magoti ukiwa hauna uzi. Kwanza uutazame kwa urefu, ncha moja kwenye shavu lako, kama unachungulia bomba, uone kama umejisokota. Halafu uchukue kipande cha pamba na ukipitishe mgongoni mwake kote taratibu. Pamba ikinasa, pana kibanzi kimeinuka, na kibanzi ndipo upinde unapoanzia kupasuka. Halafu uugeuze, utafute kifuani vile vistari vyembamba kama mikunjo ya nguo iliyokaliwa, ambavyo ni mti uliochoka kubanwa. Mwisho uzi, wa kano za ng'ombe zilizosokotwa, uupitishe katikati ya kidole na kidole mpaka kwenye vitanzi. Mimi nilikuwa nasema, na yeye akinisikiliza huku tezo lake likilia tok, tok. "Hapa kuna kitu." "Kikubwa?" "Kama nywele." "Weka kando." Alikuwa anaweka kando upinde wa wiki nzima kwa sababu ya unywele. Siku moja nikamwuliza mbona asiupake tu vanishi, nani ataona. Akaacha kazi. "Mwana wakwa," akaniambia, yaani mwanangu, "huu mtu anauweka karibu na uso wake."

Nimelirudia sana neno hilo mwaka huu. Nalirudia nikiosha vyombo, nalirudia nikimsaidia Mumbua kusoma, akigeuza kichwa chote kama kuku ili apate mstari. Kuna watu waliniambia hospitalini, kwa upole, kwamba wazee wa siku hizi wanafanya kazi haraka haraka. Ningewaelezaje yule mtu, na unywele wake, na pinde zilizojaa kando ya ukuta ambazo hakukubali kuziuza?

Kitu kimoja alinikataza. Kufunga upinde uzi. Nilikuwa na tumbo, na kufunga kunataka mwili mzima. Alikuwa ananionyesha tu, nikiwa mbali, si mbele wala nyuma ya ncha, kwa sababu ukiteleza inaruka na haichagui. Aliwafundisha wateja mbele yangu mpaka nikawa naweza kuyasema yote nimefumba macho. Upinde wake ukiwa hauna uzi umepinda kama ndizi. Mtu asiyejua huona umeshajikunja tayari, anafunga uzi kwenye upande wa ndani wa ndizi, kwa sababu ndio rahisi na ndio unaonekana kama upinde wa kwenye picha. Hapo ameuua. Uzi unatakiwa upite upande wa nje, kwenye kifua kilichovimba, na mti ugeuzwe mpaka ndizi ipinde upande mwingine. Ndiyo nguvu yake yote. Ukiufunga kinyume unakaa vizuri, unapendeza, hata mtoto anaweza kuufunga, na siku mtu atakapouvuta utamvunjikia. Ili watu wasikosee, Mjomba alichoma alama kifuani mwa kila upinde kwa msumari wa moto, vistari vitatu kama mguu wa kuku. "Ukiushika," aliwaambia, "mguu wa kuku ukutazame wewe." Na ile mikato ya kwenye ncha, anapokaa uzi, aliikata kwa mshazari upande wa kifua, ili ukijaribu kuufunga kinyume uzi uchomoke.

Palikuja kijana mmoja kiongozi wa kikundi cha ngoma kutoka mtaa wa Mowlem, suruali imeshuka, mwendo wa kucheza cheza. Akaokota upinde, akaanza kuufunga upande wa ndani, uzi ukachomoka. Akajaribu tena. "Buda, hii yako haishiki." Mjomba akanyoosha mkono. "Nipe." "Si iko tu sawa, imejikunja yenyewe, ni huu uzi." "Nipe, kijana." Mama Shiru mlangoni akadakia, "Mpe mzee kabla hujatuletea matanga hapa, mimi nina chapati motoni." Mjomba akautia mguu kati ya uzi na mti, ncha ya chini ikakaa juu ya kifundo cha mguu ule mwingine, mshiko ukalala nyuma ya paja. Akageuza uso pembeni, akaisukuma ncha ya juu mbele polepole mpaka kitanzi kikapanda mahali pake. Hakutumia nguvu. Kisha akaufungua, akampa yule kijana. "Sasa wewe." Na hakumruhusu kuondoka mpaka alipoufunga na kuufungua sawasawa, jasho likimtoka, Mama Shiru akimhesabia makosa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, kwamba upinde hautoki karakanani na mtu ambaye hajaufunga mbele yake. Na jioni upinde hulala bila uzi. Hata yeye akichelewa chakula, alizifungua zote kwanza.

Mumbua alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake, na Mjomba ndiye aliyempa. Alikuja hospitali na koti lake la kanisani na chupa ya uji, akamwangalia mtoto kwa muda mrefu, kwa karibu sana, kama kawaida ya macho yake. "Hana kibanzi," akasema. Nilicheka mpaka nyuzi za kushonwa zikauma. Tulipotoka, mtoto alilala kwenye kasha la maembe lililojazwa matambara, karibu na kigoda changu. Kelele za tezo ndizo zilizomlaza, zikinyamaza alikuwa analia. Nguvu ziliporudi, Mjomba alinipa upinde mdogo wa mkole mweupe na kuniambia niukague, kisha niufunge. Niliukagua mara mbili. Nikatia mguu, nikageuza uso, nikasukuma, na niliposikia kitanzi kinaingia kwenye mkato, tuk, kitu kilifunguka kifuani mwangu ambacho kilikuwa kimefungwa tangu nitoke kwetu. Nilikuwa nimeambiwa sifai kitu. Sasa nilikuwa nimeukunja mti ambao haukutaka. Mjomba akauchukua, akauvuta kidogo, akauachia taratibu bila kuufyatua. "Huu si wa kuuza," akasema. "Huu ni wa Mumbua." Akachoma mguu wa kuku, na chini yake herufi M.

Ndio huo uliokuwa ndani ya gunia.

Mumbua alipochaguliwa kuwa mwindaji katika ngoma ya shule, alichaguliwa kwa sababu alikuwa na upinde wake. Tulikuwa tumeshahamia Mowlem, mimi na yeye, lakini Mjomba alitoka Baba Dogo kuuleta mwenyewe, na koti lile lile. Nilikuwepo. Alimwonyesha mwalimu wa ngoma jinsi ya kuufunga na kuufungua, akamwonyesha mguu wa kuku, akamwomba aufunge mbele yake. Mwalimu alikuwa na simu sikioni. "Sawa mzee, tumeelewa, hivi vitu tunavijua." Mjomba akasimama pale akisubiri. Mwalimu akamaliza simu moja, akapokea nyingine. Mwishowe kengele ililia, watoto wakamwagika uwanjani, na Mjomba akaondoka bila kuona ukifungwa. Ndiyo mara pekee ninayojua alivunja sheria yake. Tulipofika kwenye stendi ndipo alipolitaja. "Nimeogopa kumwaibisha mbele ya wanafunzi," akasema.

Sitaeleza siku yenyewe. Nilipigiwa simu nikiwa kazini, nikafika hospitali, nikamkuta mwanangu na bandeji kubwa kuliko uso wake. Aliniuliza kama upinde wake umeharibika.

Shule iliposema upinde ulikuwa mbovu, Mjomba hakubishana. Alikuja kwangu Mowlem, akakaa kwenye kochi na kofia mkononi, akaanza kuukumbuka upinde ule kwa sauti, kutoka ncha mpaka ncha. "Kulikuwa na fundo hapa chini ya mshiko. Dogo. Nililipita." "Mjomba, niliukagua mimi. Hakukuwa na fundo." "Ulikuwa mtoto. Labda lilikuwepo." Alitaka kitu kimoja tu, avione vipande, avishike. Alikwenda shuleni. Askari akamzuia getini. Akaenda tena, akaambiwa vimetupwa. Akaenda tena. Mama Shiru alinipigia kuniambia mzee anavunja pinde zake za ukutani na kuzitia kwenye jiko, anapikia chai. "Nimemwambia Kioko, hiyo ni mali unachoma, anasema ni kuni." Nilienda nikakuta ukuta mtupu, alama za pinde zimebaki pale ambapo moshi haukufika. Alinikaribisha muthokoi. Chumvi ilikuwa imezidi, nikala yote.

Mumbua alikuwa anamwogopa. Sitaki kuliandika hili lakini ndilo lililonipeleka ofisini kwa wakubwa. Mtoto aliambiwa kwenye paredi kwamba kitu cha mzee wake kilikuwa kibovu, na mtoto huamini paredi. Mjomba akija, alikaa upande wa pili wa meza na kuiangalia ile mikono. Mjomba aliona. Akawa anaificha chini ya meza, na chai yake inapoa. Pumzi ilipoanza kumsumbua na akalazwa, nilimpeleka Mumbua kumwona. Mjomba alimwita karibu, karibu kabisa, maana hakuwa anaona tena kitu kilicho mbali na mkono. Akamwangalia lile jicho. "Nisamehe, mwana wakwa," akasema. "Nilipita mahali." Mumbua akanitazama mimi kwanza, halafu akasema, "Sawa, Babu, nimekusamehe." Mjomba akasema asante. Alisema asante mara nyingi, mpaka nesi akaja kutuomba tumpumzishe. Alikufa amesamehewa kosa ambalo hakulifanya, akashukuru, na vipande vilikuwa stoo, nyuma ya viti vibovu, vikiwa na waya kwenye ncha. Uzi ulichomoka, kama alivyokusudia uchomoke, na badala ya mtu kujiuliza kwa nini, alienda kutafuta koleo.

Jioni ile ya gunia nilivitandaza kwenye meza nyumbani na kumwita Mumbua. Nilimwambia achukue pamba. Akaipitisha mgongoni, polepole, akigeuza kichwa. Haikunasa popote isipokuwa pale ulipovunjikia. Nikamwonyesha mguu wa kuku, nikamwuliza siku ile ulikuwa unatazama wapi. Akafikiri. "Ulikuwa unaangalia watu," akasema. Kisha akaanza kulia, na nilijua analilia nini, kwa sababu aliyepaswa kuambiwa yuko Kitui chini ya udongo.

Kesho yake nilienda ofisi ya elimu. Karani alisema hawapokei vitu, wanapokea barua tu. Nikamwambia basi ataandika kwamba amekataa vipande, na jina lake. Akavipokea. Akaniuliza barua iko wapi. Nikaomba karatasi, nikaandika nimesimama kwenye kaunta yake, naye akaipiga muhuri mbele yangu. Niliandika hivi:

*Kwa Afisa wa Elimu.*

*MINTARAFU: UPINDE ULIOMWUMIZA MWANANGU*

*Mimi ni mama ya Mumbua. Nalalamika kwamba shule ilifunga upinde wa mwanangu kinyume, na uzi ulipokataa kukaa, ikaukaza kwa waya. Nalalamika kwamba iliuacha umefungwa hivyo na kumpa mtoto auvute bila mtu yeyote kuukagua. Nalalamika kwamba ilisema kwenye paredi kuwa upinde ulikuwa mbovu, ikaficha vipande, na kumfukuza getini mzee Kioko aliyeutengeneza, alipokuja kuomba avione. Ameshafariki. Hakuviona.*

*Vipande viwili nimevileta. Alama ya mguu wa kuku iko kifuani mwa upinde, na uzi uko upande wa pili. Tafadhali msikate waya kabla hamjauona kwa macho yenu.*

*Naomba mtoto yeyote asipewe tena upinde kabla haujakaguliwa na kufungwa na mtu aliyefundishwa. Naomba pia isomwe kwenye paredi, mahali pale pale na mbele ya watoto wale wale, kwamba upinde wa mzee Kioko haukuwa na kasoro.*

*Siku hiyo mniambie mapema. Mwanangu atakuwepo. Mumweke mstari wa mbele, mahali ambapo jicho lake la kulia litamwona anayesoma.*